Bonyeo

Miaka kumi na tisa nimenyoosha chuma hapa Pasua:
milango ya Noa, bampa za malori ya mahindi,
tangi la pikipiki iliyobusu mgrevilea.
Chuma nakijua. Ukikipiga kinakujibu,
ukikikosea kinakuandikia kidoleni.

Halafu katekista Kandidi akaja na bunda la sponji,
lile jeusi la kukatia kandambili,
akalitupa juu ya boneti. Halikutoa hata sauti.
"Nataka Warumi sita," akasema, "kabla ya Ijumaa Kuu.
Na wawe chuma."

Nilicheka. Nikakata.
Kifua kwa kipimo cha Aminieli kinyozi, kitambi na yote;
mabega yanayopandana kama magamba ya kakakuona.
Lakini sponji halina msimamo:
ukiligusa linakubali, ukiliachia linasahau.
Lina vitundu vinavyokunywa rangi
kama vumbi la Njia Panda linavyokunywa mvua.
Mkono wa kwanza wa fedha ulipotelea humo wote,
kikabaki kitu cha kijivu, kinyonge,
chapati ya juzi.

Nikaanza upya, kama mwanafunzi.
Nikaazima draya saluni kwa Mama Nasra,
nikapitisha moto juu ya ngozi ile
mpaka ikang'aa kidogo, ikafumba midomo yake.
Ukienda haraka, halijaelewa.
Ukikawia, linajikunja kama jani la mgomba jikoni.
Kuna sekunde moja katikati.
Hiyo sekunde ndiyo kazi.

Viungo nikavijaza puti kwa kadi ya vocha iliyokwisha.
Msasa mia na ishirini, mia mbili na arobaini,
mia nne, wa maji.
Kisha gundi nyeupe ya seremala, imezimuliwa:
mkono wa kwanza, ngoja;
wa pili, ngoja;
wa tano niliupaka umeme umekatika,
tochi ya simu nimeilaza mezani,
maana mwanga wa ubavuni hausitiri kitu.
Wa saba ulipokauka nikafumba macho,
nikapitisha kiganja,
na kiganja kikasema: boneti.

Kiganja kiongo. Nilifurahi kudanganywa nacho.

Nyeusi chini, fedha juu, na mwisho unga wa penseli:
mwanangu Anjelista alizichonga kumi na mbili, kwa hasira,
nikausugua kwa soksi kuukuu kwenye kingo
mpaka chuma kikazeeka, kikawa kimewahi kupigana.
Mteja aliyefuata Noa yake akakigonga kwa kifundo,
asikie mlio. Akagonga tena.
Akakitazama kidole chake
kana kwamba kidole ndicho kibovu.

Ijumaa Kuu masika yalinyesha tangu alfajiri.
Mlima haukuonekana. Warumi wangu wakashuka Majengo
wakimeremeta, matone yakiteleza vifuani bila kutua.
Nami nyuma ya umati sikuutazama msalaba, Mungu anisamehe.
Nilitazama viungo.

Kituo cha saba, mbele ya duka la mbolea,
Aminieli akainua mjeledi wa katani.
Bibi Makyao, aliyekuwa amefuata chumvi tu,
akakunja mwamvuli, akavuka mstari,
akamchoma Mrumi kifuani
kwa nguvu zilezile za kulimia.
"Mwache mtoto wa watu!"

Tulingoja mlio. Sote.
Mwamvuli ulizama polepole, ukarudi polepole,
kimya, kama kiwiko kwenye mto wa kulalia.
Na Aminieli, chuma kitupu kuanzia shingo hadi paja,
akasema, "Samahani, Bibi."

Kifua kile kinaning'inia sasa kwenye msumari wa gereji,
na bonyeo chini ya ziwa la kushoto,
dogo kama sarafu, rangi imepasuka nyota pembeni.
Katekista anataka nilizibe kabla ya mwakani.
Puti ipo. Msasa upo.
Nimenyoosha mabonyeo elfu na zaidi
bila kuuliza hata moja limetoka kwa nani.
Hili nalijua.

Nimemwambia rangi imepanda bei.